Kabla Hujashika Sepetu

Randiki, umekuja na viatu vya kanisani.
Vivue. Vaa gambuti za marehemu mume wangu,
lakini kwanza zigeuze, uzikung'ute mara tatu.
Hapa Nyakach ya chini
ardhi imepasuka kama kisigino,
na kila ufa una mwenye nyumba.

Lori la mchanga litafika saa tano,
ila korongo hili halichotwi kwa pupa.
Tanguliza fimbo. Kanyaga kwa kishindo:
nyoka hana sikio la matusi yako,
tumbo lake ndilo husikia mguu.
Mpe muda wa kuondoka. Wengi huondoka.

Mmoja haondoki.
Mama alimwita fuu, vitabu humwita kifutu:
mnene, mfupi, mvivu,
kichwa kipana juu ya shingo nyembamba,
mgongoni kama kuku amepita kwenye majivu
akaacha nyayo msururu.
Ukimwona ni majani makavu. Ukimkanyaga si majani tena.
Akipumua kama tairi linalotoboka,
pumzi hiyo ni hisani. Rudi ulikotoka,
polepole, ukiangalia unapoweka unyayo.

Swila ni mwingine. Husimama,
hutandaza shingo, hulenga macho.
Agola alitemewa akifunua rundo la mawe.
Alitaka kusugua, tukamshika mikono,
tukammwagia maji yetu ya kunywa, mtungi mzima,
tukashinda na kiu hadi jioni.
Leo ndiye anayetusomea risiti.

Na yuko koboko, mrefu, wa kijivu,
kinywa cheusi ndani kama sufuria ya kuni,
apitaye juu ya migunga kama habari mbaya.
Huyo usimsome. Ondoka.

Wapo wasio na sumu. Yupo mla mayai
anayejikunja akajifanya kifutu,
na mimi, miaka kumi na minne humu, bado ananidanganya.
Kwa hiyo sikufundishi majina.
Nakufundisha umbali.

Unautazama mkono wangu. Tazama tu, haulipishwi.
Vidole vitatu.
Niliokota kuni jua likiwa limezama,
tochi mfukoni, nikihifadhi betri.
Nyoka alinipiga mara moja akaenda zake.
Waliokuja baadaye hawakuishia moja:
huyu alikaza mpira wa baiskeli juu ya kiwiko,
kwa nguvu zote za upendo,
yule alichanja kwa wembe,
mwingine akaleta jiwe jeusi, na bei yake.
Pete hakuna aliyeikumbuka,
mpaka kidole kikaimeza.
Tulifika Ahero kunakucha.
Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu:
uliumwa saa ngapi?
Swali hilo huniamsha hadi leo.

Ukiumwa, kaa chini. Piga kelele.
Usimfuate kumwua, hatumhitaji.
Tutakuvua saa hiyo unayoringia,
tutautuliza mguu kwa ubao usicheze,
bila kukaba damu, bila wembe.
Otuoma ataendesha pikipiki, wewe katikati,
mimi nyuma nikikushikilia kama gunia la mayai.
Jiwe litabaki kwa mwenyewe.

Husemwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.
Alfajiri nimeona kamba ya katani njiani.
Sikushtuka. Nilisimama.
Nikaimulika, nikahesabu pumzi,
nikaigusa kwa ncha ya fimbo ndefu. Ikawa kamba.
Ndiyo hiyo umejifungia suruali.
Kati ya kushtuka na kusimama pana nafasi ndogo,
mimi naishi humo.

Haya, sepetu ile pale.
Ngoja. Gambuti ya kushoto.
Nilisema mara tatu. Umekung'uta mbili.